Linux Kwenye Kifaa, Windows Mezani

Ruta nyingi zinazogawa intaneti majumbani na maofisini zinaendeshwa na Linux. Hali ni hiyo kwa ving'amuzi vingi vya televisheni, kamera za ulinzi na mashine za viwandani. Mtumiaji haioni Linux hiyo, wala hana haja ya kuiona. Anayelazimika kuiona ni mtu anayetaka kuandika programu itakayokaa ndani ya kifaa, na jambo la kwanza analokutana nalo ni kwamba kifaa chenyewe hakiwezi kumsaidia. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002 na ambayo msimbo wake uliowekwa hadharani ndio uliozaa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ilikuwa na RAM ya MB 16 na hifadhi ya MB 4 tu. Kompaila ya GCC peke yake ni kubwa kuliko hifadhi yote hiyo. Kazi inabidi ifanyike kwenye kompyuta nyingine yenye nguvu, kisha matokeo yahamishiwe kwenye kifaa kwa waya, kwa mtandao au kwa kadi ya kumbukumbu.

Kompyuta hiyo nyingine iwe ya namna gani? Hapo ndipo mzozo ulipo. Wanaotengeneza zana za kuundia mifumo ya Linux pachikwa karibu wote wanafanya kazi kwenye Linux, na zana zao zinadhani kila mtu yuko kama wao. Wanaozihitaji hawako hivyo. Mhandisi wa kiwandani ana Windows kwa sababu programu zake za kuchorea mashine ziko huko; mwingine ana Mac; mwanafunzi wa uhandisi Dodoma au Eldoret ana kompyuta mpakato iliyonunuliwa ikiwa na Windows tayari. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamehangaika kuzifanya zana hizi zikubali mifumo endeshi yote, na kwa maoni yangu wamefika nusu ya njia. Kompaila ilivuka mpaka zamani. Kilichobaki ng'ambo ni mazingira yanayoizunguka, na mbinu iliyochaguliwa kuyavusha imemtwisha gharama yule mwenye mashine dhaifu.

Tuanze na kilichofanikiwa. GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, ilijengwa kwa namna ambayo sehemu inayosoma lugha ya programu imetengana na sehemu inayoandika maagizo ya prosesa. Ukibadilisha hiyo ya pili, unapata kompaila inayokaa kwenye prosesa ya aina moja na kuzalisha programu za prosesa ya aina nyingine, yaani kompaila mtambuka. Skripti zake za ujenzi hutaja mashine tatu bila kuzichanganya: inayoijenga kompaila, itakayoiendesha kompaila, na ile ambayo programu zitakazotoka zitafanyia kazi. Zote tatu zinaweza kuwa tofauti. Seva ya Linux inaweza kujenga kompaila itakayoendeshwa kwenye Windows ili izalishe programu za bodi ya ARM. Nitarudi kwenye mpangilio huu, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya dawa.

Waliougeuza uwezo huo kuwa biashara ni kampuni ya Cygnus, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na John Gilmore, Michael Tiemann na David Henkel-Wallace. Iliishi kwa kuuza huduma juu ya programu huria, na miongoni mwa wateja wake wakubwa walikuwa watengenezaji wa vifaa na wa prosesa. Katikati ya miaka ya 1990 wateja wakaanza kuhamia Windows, na Cygnus ikawafuata kwa kuunda Cygwin: maktaba inayopokea miito ya Unix na kuigeuza kuwa miito ya Windows, ili zana za GNU zikubali kukaa huko bila kuandikwa upya. Red Hat ilikubaliana kuinunua Cygnus mwaka 1999, na Cygwin ipo hadi leo.

Cygwin ilithibitisha kwamba jambo linawezekana, na papo hapo ikaonyesha linapokwama. Kwenye Unix, programu huzaa programu nyingine kwa kujinakili, kitendo chepesi ambacho mfumo endeshi wenyewe unakitoa. Windows haitoi kitendo hicho kwa programu zake za kawaida, hivyo Cygwin inalazimika kukiiga kwa kunakili kumbukumbu hatua kwa hatua. Kwa programu moja hutaona tofauti. Lakini skripti inayotayarisha ujenzi wa maktaba ya kawaida ya C huzaa programu ndogondogo mamia kwa maelfu, na kila moja inalipia gharama hiyo. Kompaila yenyewe ilikuwa na kasi ya kutosha; kila kilichokuwa kando yake kilijikokota.

Tangu wakati huo kompaila zimezidi kuwa rahisi. Clang, iliyojengwa juu ya LLVM, hubeba prosesa nyingi ndani ya programu moja. Unaitajia unakolenga, basi. Lugha ya Go ilipofika toleo la 1.5 mwezi Agosti 2015, kompaila yake ilikuwa imeandikwa kwa Go yenyewe, na tangu hapo mtu mwenye Windows anaweza kutaja mfumo na prosesa ya kifaa kwa vigezo viwili, akatoa programu ya Linux ya ARM bila kusakinisha kitu kingine. Zig, ya Andrew Kelley, imekwenda mbali zaidi: upakuaji mmoja una kompaila ya C pamoja na vichwa vya maktaba za Linux za aina kadhaa, na unafanya kazi sawasawa kwenye Windows, Mac na Linux. Rust iko karibu na hapo, ingawa bado itakudai linka ya mashine unayoilenga. Kwa programu inayojitegemea, isiyoegemea maktaba za C zilizomo kwenye kifaa, suala la mfumo endeshi wa mezani limekwisha. Ninalisema hili kwa uzito, kwa sababu wanafunzi wengi bado wanaambiwa hawawezi kuanza mpaka wawe na Linux. Wanaweza kuanza leo.

Tatizo linaanza programu inapoacha kujitegemea. Fundi cherehani hashoni suruali ya mteja kwa kujipima mwili wake mwenyewe. Anahitaji vipimo vya mteja. Kompaila mtambuka nayo inahitaji nakala ya maktaba na vichwa vilivyomo kwenye kifaa, toleo kwa toleo, ikae kwenye folda yake ya pekee ndani ya kompyuta ya kazi. Ikiikosa, huchukua vya kompyuta inayoikalia, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Mfano ni glibc, maktaba ya C ya GNU. Programu iliyokompailiwa kwa glibc 2.35 ya Ubuntu 22.04 mara nyingi itakataa kuwaka kwenye bodi yenye Debian 11, ambayo glibc yake ni 2.31, na ujumbe utakaouona ni kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Toleo hilo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, lilibadilisha msimbo unaoianzisha kila programu, na kwa hiyo hata programu ndogo kabisa inajikuta imefungwa kwenye namba hiyo. Mfumo unafanya ulivyopangwa. Kilichokosewa ni vipimo.

Kuna wanaolikwepa tatizo kwa kutumia musl, maktaba ya C iliyoanza kutoka mwaka 2011, ambayo huruhusu kila kitu kufungwa ndani ya programu moja. OpenWrt ilihamia musl mwaka 2015. Ni njia nzuri kwa programu ndogo. Lakini kifaa chenye skrini, kamera na kiendeshi cha picha kutoka kwa mtengenezaji wa chipu hakikwepeki hivyo, kwa sababu viendeshi vya namna hiyo mara nyingi hutolewa vikiwa vimeshakompailiwa kwa glibc fulani, na huna msimbo wake.

Jingine ni tabia za vifurushi vyenyewe. Vingi, kabla ya kujengwa, huandika programu ndogo ya majaribio, huikompaili na kuiendesha ili kujua mashine ikoje. Ukilenga prosesa nyingine, jaribio hilo haliwezi kuendeshwa, na kifurushi hukisia au hugoma. Vingine huuliza mahali maktaba zilipo na kujibiwa njia za kompyuta ya kazi badala ya za kifaa. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya watu wa Linux pachikwa imekuwa kurekebisha vifurushi kama hivi, kimoja baada ya kingine, na marekebisho hayo yamekusanywa mahali pawili: Buildroot, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikononi mwa waliokuwa wakiunda uClibc, maktaba nyingine ya C, na Yocto, iliyotangazwa na Linux Foundation mwaka 2010 ikisimama juu ya OpenEmbedded ya mwaka 2003. Miradi hii miwili hujenga kila kitu: kompaila, keneli, maktaba, programu, na mwishoni picha nzima ya diski ya kifaa. Yote miwili inadai kuendeshwa kwenye Linux.

Madai hayo si ubishi wa watu wasioipenda Windows. Fungua msimbo wa keneli ya Linux, uende kwenye folda ya vichwa vya netfilter: kuna faili linaloitwa xt_CONNMARK.h na jingine linaloitwa xt_connmark.h, na yaliyomo ni tofauti. Windows na macOS, zikiachwa zilivyo, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Ukiushusha msimbo huo kwenye diski ya namna hiyo, faili moja linamezwa na lenzake, na ujenzi unaharibika mahali ambapo mtu hawezi kutambua chanzo kwa urahisi. Kwenye Mac inawezekana kutenga sehemu ya diski inayotofautisha herufi, na wanaojenga OpenWrt huko hufanya hivyo. Ila hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Picha ya diski ya kifaa inapaswa kuwa na mafaili yanayomilikiwa na mtumiaji mkuu wa kifaa, pamoja na mafaili maalumu yanayowakilisha vifaa vya umeme. Mjenzi hataki kufanya kazi akiwa mtumiaji mkuu wa kompyuta yake, kwa hiyo Yocto na Buildroot hutumia hila: maktaba ndogo inayojipenyeza kabla ya programu nyingine na kuzidanganya kwamba zinaendeshwa na mtumiaji mkuu. Linux inaruhusu upenyezaji huo kwa urahisi. macOS, tangu toleo la El Capitan la 2015, inauzuia kwa programu za mfumo kwa sababu za usalama. Windows haina kitu kinachofanana nao kwa ukaribu. Ongeza ukomo wa asili wa Windows wa herufi 260 kwa njia ya faili, wakati folda za kazi za Yocto zina majina marefu yaliyopandana ghorofa kwa ghorofa. Ongeza pia kwamba Apple bado inasambaza GNU Make 3.81 ya mwaka 2006, kwa kuwa matoleo yaliyofuata yako chini ya leseni ya GPL ya tatu ambayo kampuni hiyo huikwepa, na keneli ya Linux imeshaacha kulikubali toleo hilo. Kila kikwazo peke yake kina tiba. Vikijumlishwa, vinamaanisha kwamba kuvihamisha vijenzi hivi kwenda Windows au Mac ni kuandika upya nusu ya Unix, na hakuna mradi wa watu wanaojitolea utakaobeba kazi hiyo kwa faida ya watumiaji ambao wengi wao hawaonekani.

Kwa hiyo sekta nzima ikageuza swali. Badala ya kuzipeleka zana kwenye Windows, Linux ndiyo ikapelekwa. Kwanza zilikuwa mashine pepe: VMware mwaka 1999, VirtualBox mwaka 2007. Kisha makontena ya Docker mwaka 2013, ambayo kwenye Windows na Mac nayo huwa ndani ya mashine pepe ya Linux iliyofichwa. Mwaka 2016 Microsoft yenyewe ikaleta WSL, yaani Windows Subsystem for Linux. Toleo la kwanza lilitafsiri miito ya Linux, wazo la Cygwin lililoshushwa hadi ndani ya mfumo endeshi. Toleo la pili, lililowafikia watu wengi mwaka 2020, liliachana na tafsiri na kuendesha keneli halisi ya Linux. Kampuni tajiri namna hiyo ilijaribu kutafsiri, ikaona ni heri kuiweka Linux yenyewe. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi kwamba mazingira ya Linux hayaigiziki kwa bei nafuu.

Mbinu hii imefanikiwa, nami naitambua. Mradi wa Yocto sasa unaeleza katika miongozo yake jinsi ya kuijenga picha ndani ya WSL 2, na una makontena yaliyotayarishwa kwa walio kwenye Windows na Mac. Mtu mwenye kompyuta nzuri hatahisi tofauti kubwa, mradi mafaili yake yote yakae ndani ya diski ya Linux. Akiyaacha upande wa Windows na kuyafikia kwa kuvuka, kasi inaanguka vibaya. Hilo lifahamike kabla ya kulaumu zana.

Mahali inapouma ni USB. Kazi ya vifaa si kukompaili peke yake; ni kuchomeka waya, kuiwekea bodi programu, kusoma ujumbe wake inapowaka, kuizima na kurudia. WSL 2 haioni USB mpaka usakinishe programu nyingine, usbipd-win, inayopitisha kifaa kama mtandao. Matokeo yake wengi hukompaili upande wa Linux, kisha huhamia upande wa Windows kuipakia bodi. Afadhali hapa zipo zana zilizoandikwa vizuri kwa mifumo yote, kama Raspberry Pi Imager, au uuu ya kampuni ya NXP inayopakia chipu za i.MX kutoka Windows, Linux au Mac kwa amri zilezile. Zana hizi zimefaulu kwa sababu kazi yake ni finyu na mpaka wake unajulikana.

Jambo hilo la mpaka linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalotenganisha zana zilizovuka na zilizokwama. Chukua dibaga ya GDB. Sehemu inayokaa kwenye kifaa, gdbserver, ni ndogo sana: inaanzisha programu, inaisimamisha, inasoma kumbukumbu. Akili yote, pamoja na msimbo chanzo na majina ya vigeu, iko kwenye kompyuta ya kazi. Pande hizo mbili huongea kwa itifaki fupi kupitia mtandao au waya wa siriali. GDB ya mezani inaweza kuwa ya Windows, ya Mac au ya Linux, na kifaa hakijui wala hakijali. Ubunifu huo una miongo kadhaa na bado unafaa kwa kifaa chenye RAM ya MB 32.

Linganisha na mtindo wa sasa. Visual Studio Code, iliyotoka mwaka 2015, inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu ya mezani, na kwa upande huo ni mfano bora. Ina kiendelezi cha kufanyia kazi kwenye mashine ya mbali kupitia SSH, na watu wengi hukitumia kuingia moja kwa moja kwenye bodi. Ila kiendelezi hicho hupandikiza seva nzima ndani ya bodi, na seva hiyo ina masharti yake. Mwanzoni mwa 2024 toleo la 1.86 lilianza kudai glibc 2.28 au mpya zaidi kwenye mashine ya mbali. Watu wenye mashine za Ubuntu 18.04, yenye glibc 2.27, waliamka asubuhi na kukuta hawawezi kuingia. Miongoni mwao walikuwa wenye bodi za Jetson Nano, ambazo mfumo rasmi kutoka NVIDIA ulikomea Ubuntu hiyo. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi Microsoft ikatoa muhula wa mwaka mmoja. Zana ilikuwa imevuka mifumo yote ya mezani, ikakwama kwenye kifaa, ambacho ndicho sababu ya kazi nzima. Kwangu hili ni kosa la ubunifu: mzigo umewekwa upande usio na uwezo wa kuubeba, na upande usiobadilishwa kila mwezi.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu bodi za leo zina nguvu. Ni kweli kwa kiasi. Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012 kwa dola 35, na hasa Pi 4 ilipokuja mwaka 2019, ilianza kuwezekana kuandika, kukompaili na kusahihisha programu ndani ya bodi yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wametumia bodi hizi kutengeneza kamera za kupiga picha za wanyamapori. Kwa kazi za namna hiyo mfumo endeshi wa kompyuta ya mezani hauna uzito tena. Mtu anahitaji SSH tu, ambayo imo ndani ya Windows tangu 2018. Ipo pia QEMU, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, inayowezesha kuendesha programu za ARM kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, kwa mwendo wa pole lakini kwa uaminifu. Ila siku kazi hiyo inapogeuka bidhaa, bei ya kila chipu inahesabiwa, RAM inarudi MB 64, na kompaila inarudi mezani.

Sasa gharama. Nafasi ya diski ambayo miongozo ya Yocto inaitaka imepanda toleo baada ya toleo, kutoka GB 50 hadi 90, kisha 140. Kuhusu RAM, miongozo inakiri kwamba GB 8 zinaweza kutosha kwenye mashine ya zamani, kwa mwendo wa taratibu. WSL 2, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huipa Linux nusu ya RAM ya kompyuta. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato ya GB 8 anabaki na GB 4 za kujengea, chini ya kiwango ambacho waundaji wenyewe wanakiita kidogo. Mwenzake mwenye mashine hiyohiyo aliyesakinisha Linux moja kwa moja anazo karibu GB zote 8. Mbinu inayosifiwa kwamba imewafungulia mlango watumiaji wa Windows inampa nafuu zaidi yule mwenye GB 32, ambaye tangu mwanzo alikuwa na njia nyingine. Upakuaji wa msimbo chanzo nao, unaofika magigabaiti, ni jambo la kusubiri kwa mwenye waya wa kasi na ni jambo la pesa kwa anayenunua bando.

Hili lina tiba, na imekuwepo muda mrefu bila kutumika inavyopaswa. Yocto ina uwezo wa kutumia hifadhi ya pamoja ya vyanzo vilivyokwisha kushushwa, na hifadhi ya matokeo ya hatua zilizokwisha kujengwa; Buildroot nayo inakubali kuelekezwa kwenye seva ya karibu kwa vyanzo. Idara moja ya chuo ikiweka seva moja ya Linux yenye diski kubwa, darasa zima linaweza kujenga bila kila mwanafunzi kushusha upya kitu kilekile. Tena wanafunzi hawahitaji hata kujenga mfumo mzima. Mtu mmoja anaujenga, kisha anatoa kifurushi kidogo chenye kompaila na nakala ya maktaba za kifaa, na wengine wote wanaandika programu zao kwa kifurushi hicho.

Hapo ndipo ule mpangilio wa mashine tatu unaporudi. Yocto ina tabaka la nyongeza, meta-mingw, linaloiwezesha seva ya Linux kutoa kifurushi hicho kikiwa tayari kuendeshwa kwenye Windows. Mwandishi wa programu anakifungua kwenye kompyuta yake, anatumia zana ya ujenzi ya CMake au kihariri anachokipenda, na programu inatoka ikiwa na vipimo sahihi vya kifaa, bila mashine pepe, bila GB 140. Mtu anayeandika programu moja ya kifaa hana haja ya kijenzi cha mfumo mzima, kama vile anayeandika programu ya simu asivyojenga Android kwanza. Kwa hiyo sioni sababu ya kumpigania mtu aweze kuendesha Yocto yenyewe juu ya Windows. Acha ibaki Linux. Kinachopaswa kuvuka ni kifurushi. Mtengenezaji wa bodi ambaye hakitoi kwa Windows, akamwachia kila mteja ajenge mwenyewe, ameikwepa kazi iliyokuwa ndani ya uwezo wake.

Nawalaumu watengenezaji wa bodi kwa jambo jingine pia. Vifurushi vyao vingi hufungwa kwenye toleo moja la Ubuntu, pengine lile lililokuwa kwenye kompyuta ya mhandisi wao mwaka alioviandaa. Hata matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu (LTS) hupata msaada wa kawaida wa miaka 5 tu. Mashine ya kiwandani hukaa miaka 10 au 15. Kifaa kinakuwa kizima, prosesa inafanya kazi, lakini kompyuta inayoweza kukijengea programu haipo tena: Python 2 imeondolewa, kompaila mpya inakataa msimbo wa zamani, maktaba zimebadilika. Suala la mifumo tofauti lina sura hii ya wakati, na kwangu ni kubwa kuliko ugomvi wa Windows na Linux. Hapa kontena ndilo linapopata kazi yake bora: kuihifadhi kompyuta ya kazi ya mwaka fulani, kamili, ili ifunguliwe baada ya miaka 10. Ulaya imeanza kulibana jambo hili kisheria. Sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na ambayo masharti yake makuu yatatumika Desemba 2027, inamtaka mtengenezaji atoe masahihisho ya usalama kwa muda ambao kwa kawaida haupungui miaka 5. Asiyeweza kuujenga upya mfumo wa kifaa chake hataweza kuitii.

Aina ya prosesa ya mezani nayo imebadilika. Apple ilipoanza kuuza kompyuta za M1 mwishoni mwa 2020, vifurushi vingi vya bodi za ARM, vilivyokompailiwa kwa x86-64 pekee, viligoma kwenye kompyuta ambayo yenyewe ni ARM. Wenye Mac hupita kwa msaada wa Rosetta, tafsiri ya Apple ambayo tangu 2022 hufanya kazi hata ndani ya mashine pepe za Linux. Mwenye kompyuta ya ARM inayoendesha Linux hana Rosetta hiyo, na bodi kama Raspberry Pi 5 zimeshafikia uwezo wa kutumika mezani kwa kazi ya kawaida. Kifurushi cha Linux ya ARM64 kinastahili kutolewa pamoja na cha Windows, na kukitengeneza hakuhitaji zaidi ya kujenga mara ya pili kwa kubadilisha kigezo kimoja.

Kwa msomaji anayetaka kuanza akiwa na kompyuta ya GB 8 au chini ya hapo, ushauri wangu ni huu. Kama programu yako inajitegemea, baki kwenye Windows, tumia Go au Zig, na uipeleke kwenye bodi kwa SSH. Ukifika mahali pa kujenga mfumo mzima, iache WSL: tenga sehemu ya diski, sakinisha Linux yenyewe, na uanze na Buildroot, ambayo mahitaji yake ni madogo kuliko ya Yocto. Na kama wewe ni mwalimu au mkuu wa idara, nunua seva moja kabla ya kununua bodi ishirini, uweke juu yake hifadhi ya vyanzo, na utoe kifurushi kimoja kitakachofunguka kwenye kila kompyuta iliyomo darasani.